Timu ya Chuo ni Mali ya Nani? Shabiki wa Thika na Ruiru na Mustakabali wa Soka ya Wanawake

Wahenga walinena kuwa aumwaye na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Shabiki wa kandanda anayeishi baina ya Thika na Ruiru ana kila sababu ya kushtuka. Katika kipindi cha miaka mitano tu amezipoteza timu mbili alizozienzi: moja iliteremshwa daraja na nyingine ikachukuliwa na mwenyewe mpya, ikabadilishwa jina. Sasa macho yake yameelekea kwa timu nyingine, Zetech Sparks, kikosi cha wanawake cha Chuo Kikuu cha Zetech chenye bewa mjini Ruiru. Swali analojiuliza shabiki huyu ni jepesi kulitamka na zito kulijibu: Je, hii nayo itadumu?

Makala haya yanashikilia kuwa timu ya chuo ina nafasi nzuri ya kudumu kuliko timu ya kampuni au ya mlezi mmoja. Hata hivyo, nafasi hiyo haitakuwa na maana iwapo chuo hakitaufanya ufadhili wa wachezaji kuwa haki iliyoandikwa, badala ya hisani ya ofisi fulani.

Ni vyema kwanza kuikumbuka historia. Thika United ilifadhiliwa na kampuni ya maziwa ya Brookside, ambayo makao yake makuu yako Ruiru. Kwa takriban mwongo mmoja timu hiyo ilishiriki Ligi Kuu ya Kenya, ikawa mwiba kwa vigogo wa Nairobi kila walipozuru Thika. Humo ndimo alimopitia kiungo Francis Kahata, aliyekuja kung'ara katika Gor Mahia na hatimaye, mwaka 2019, akajiunga na Simba ya Dar es Salaam. Mwaka 2018 Thika United iliteremshwa daraja na tangu hapo haijarejea katika Ligi Kuu.

Mashabiki walijiliwaza kwa Thika Queens. Hii ilikuwa timu ya wanawake iliyolibeba jina la mji huu kwa fahari, ikatwaa ubingwa wa ligi ya wanawake ya msimu wa 2020/2021 na kuwatoa wachezaji wengi walioichezea timu ya taifa, Harambee Starlets. Mshambuliaji Mwanahalima Adam, binti wa Pwani, ni miongoni mwa waliojizolea sifa wakiwa na jezi yake. Mwaka 2023 timu hiyo ilichukuliwa na Kenya Police, ikapewa jina la Kenya Police Bullets. Katika msimu wake wa kwanza kwa jina hilo jipya ilitwaa ubingwa wa ligi. Mwaka 2024 ikaenda Addis Ababa kushiriki mchujo wa ukanda wa CECAFA wa Ligi ya Mabingwa ya Wanawake, ikafika fainali na kushindwa na CBE ya Ethiopia.

Yupo atakayeuliza: Ikiwa timu ilipata ubingwa na ikafika fainali ya kanda, shabiki wa Thika analalamikia nini? Hoja hii ina uzito na haifai kupuuzwa. Kwa miaka mingi wanasoka wa kike nchini Kenya wamecheza kwa nauli na chai. Timu inayomilikiwa na asasi kubwa inaweza kuwapa mshahara, matibabu na uhakika wa kesho. Mchezaji anayelea mtoto kwa jasho la miguu yake halazimiki kuukataa mkate ili shabiki abaki na jina la kuimba. Aliyeipokea ajira alitenda la busara.

Lakini shabiki naye ana haki ya kuomboleza. Jina la timu si pambo la jezi tu. Ndilo linalomfanya muuza mitumba wa Makongeni aseme "sisi tumeshinda" ilhali hakuugusa mpira. Neno "Thika" lilipoondoka, "sisi" ile iliondoka nalo. Mafanikio ya Addis Ababa yalisomwa mjini Thika kama habari za watu wengine, na wasichana waliokuwa wakiwatazama dada zao wakifanya mazoezi jirani walibaki bila wa kumtazama.

Kutokana na masaibu haya mawili tunapata funzo. Kila mwenye timu huwa na sababu ya kuwa nayo, na timu huishi kadiri ya uhai wa sababu hiyo. Kampuni huitaka timu ili bidhaa yake ijulikane. Siku hesabu zikigoma, timu ndiyo ya kwanza kukatwa. Mlezi huitaka kwa sababu anaupenda mchezo, lakini mapenzi hayalipi basi wala hoteli, na mlezi huchoka. Chuo kikuu kina sababu ya aina nyingine kabisa. Kazi yake ya kila siku ni kuwapokea vijana, kuwalaza, kuwafundisha na kuwaaga wakiwa watu wazima. Kina madarasa na mabweni, na kila mwaka hupokea kizazi kipya. Hakihitaji kubuni sababu ya kuwa na timu, kwani timu ni sehemu ya malezi.

Zetech, iliyoanza mwaka 1999 kama chuo cha kawaida kabla ya kupanda hadhi na kuwa chuo kikuu, imelielewa jambo hili mapema kuliko vyuo vingi vikongwe. Sparks wamecheza katika Ligi Kuu ya Wanawake dhidi ya Vihiga Queens, Ulinzi Starlets na hao hao Bullets. Kwamba kikosi cha wanafunzi, wanaotoka kwenye mtihani asubuhi na kuingia uwanjani alasiri, kinaweza kusimama mbele ya wanajeshi na polisi na kucheza nao kiume na kike, ni ufanisi usiohitaji kombe ili uonekane.

Umuhimu wake unazidi ukitazama yanayotokea chini yake. Oktoba 2024 wasichana wa Kenya wasiozidi miaka 17, Junior Starlets, walishiriki Kombe la Dunia katika Jamhuri ya Dominika. Hiyo ilikuwa timu ya kwanza ya soka ya Kenya, ya wanaume au ya wanawake, kuwahi kufika Kombe la Dunia la FIFA. Waliwashinda Meksiko, na taifa likashangilia. Mwaka mmoja baadaye, Oktoba 2025, dada zao wakubwa walifuzu kwa mara ya pili kushiriki Kombe la Afrika la Wanawake, baada ya ile safari ya Kamerun ya mwaka 2016. Wengi wa mabinti hawa ni zao la shule za upili. Je, baada ya mtihani wa kidato cha nne wanakwenda wapi? Asiyepata klabu wala karo hurudi nyumbani, na kipaji chake huishia kwenye picha ya gazeti iliyobandikwa ukutani. Chuo kinachompa nafasi ya kusoma na kucheza kinaliziba pengo ambalo hata shirikisho halijaliziba.

Wala hili si jambo geni barani. Nchini Uganda, Kawempe Muslim, ambayo chimbuko lake ni shule ya upili, imepata kuwa bingwa wa ligi ya wanawake. Afrika Kusini, timu ya wanawake ya Chuo Kikuu cha Western Cape imekuwa ikicheza katika ligi kuu ya nchi ile. Taasisi za elimu zimethibitisha kuwa daftari na gozi si mahasimu.

Pamoja na sifa hizo, timu ya chuo ina udhaifu wake, na shabiki mkweli hana budi kuutaja. Mwanafunzi hukaa miaka minne, kisha huenda zake. Kila mwaka kocha huanza kuijenga safu upya huku klabu zenye mishahara zikibisha hodi bwenini. Shabiki asiyelijua hili humwona kocha hafai na timu haisongi mbele. Ndiyo sababu timu ya chuo inahitaji kipimo chake. Idadi ya makombe haitoshi. Idadi ya wachezaji waliohitimu ihesabiwe pia. Mchezaji aliyeondoka na shahada mkononi na mechi sitini za Ligi Kuu miguuni ni ushindi, hata kama siku ya mwisho timu yake ilimaliza ya saba.

Hapa ndipo linapokuja lile sharti. Iwapo ufadhili wa mchezaji unategemea mabao yake, basi chuo hakitofautiani na kampuni ya maziwa. Je, msichana akiumia goti katika mwaka wa pili, karo yake italipwa hadi ahitimu? Mtihani ukiangukia siku ya mechi ya ugenini, nani atamtungia mwingine? Mkuu wa michezo anayeipenda timu akistaafu, mrithi wake atafungwa na nini? Kila chuo chenye timu, Zetech ikiwemo, hakina budi kuyajibu maswali haya kwa maandishi, yapitishwe na seneti, mzazi apewe nakala siku binti anaposajiliwa. Hisani hufa na mwenye hisani, ilhali kanuni humngoja mrithi wake.

Wanafunzi nao wasijitoe lawamani. Ni ajabu kwamba kijana wa chuo anaweza kukutajia kikosi kizima cha Arsenal, pamoja na walioketi benchi, lakini asimjue mlinda lango wa timu ya chuo chake anayeketi safu ya mbele katika mhadhara wa Jumanne. Uwanja ukiwa mtupu, mhasibu wa chuo huona gharama tu. Ukijaa, huona jambo ambalo hathubutu kulifuta. Mashabiki ndio walinzi wa kwanza wa bajeti.

Aidha, vyama vya Kiswahili vina kazi mahususi. Sparks, Queens, Bullets: majina yote haya ni ya kigeni, lakini nyimbo zinazoimbwa ukingoni mwa uwanja si za kigeni. Ni Kiswahili, ni Sheng, ni Kikuyu, ni Kiluhya na Kijaluo, zikitungwa papo hapo na kusahauliwa jioni ile ile. Nani alizikusanya nyimbo za mashabiki wa Thika Queens kabla jina halijafutwa? Mwanafunzi wa fasihi simulizi anayesaka mada ya utafiti ana hazina kando ya Barabara Kuu ya Thika. Mtangazaji wa mechi chuoni naye awe mwanachama wa chama cha Kiswahili, ili mchezo upate lugha na lugha ipate uwanja.

Ruiru ilikuwa na wakazi zaidi ya 490,000 katika sensa ya mwaka 2019, na Thika zaidi ya 250,000. Miji ya ukubwa huu haistahili kuwa mahali pa kuzalisha timu za kuchukuliwa na wengine. Chuo kiwafungulie wakazi milango siku ya mechi, kiwaalike wasichana wa shule za jirani, na kiihesabu timu kuwa amana ya mji pia. Kikifanya hivyo, shabiki aliyekwisha kuumwa mara mbili ataacha kushtuka, na "sisi" yake itapata tena mahali pa kukaa.