Kujijua Kunahitaji Shahidi

Katika baraza la usuluhishi la kata yetu, ambako mimi ni mjumbe, hakuna kauli ninayoisikia sana kama "mimi najijua". Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya 1971 inawataka wanandoa wafike barazani kabla ya kwenda mahakamani kudai talaka, na wengi huja wamejikinga na kauli hiyo. Bwana mmoja alituapia kwamba hajawahi kumfokea mkewe. Alitamka hayo kwa sauti iliyomfanya katibu aache kuandika. Mkewe aliinama, akaendelea kukunjakunja pindo la khanga. Bwana yule hakuwa anadanganya. Aliyaamini aliyoyasema, na hapo ndipo penye tatizo.

Mwaka 1977 wanasaikolojia wa Marekani, Richard Nisbett na Timothy Wilson, walieleza jinsi walivyowapa wanunuzi jozi nne za soksi ndefu za nailoni wachague iliyo bora. Zote zilikuwa sawasawa. Iliyochaguliwa na wengi zaidi ni ya mwisho upande wa kulia. Walipoulizwa sababu, walisifia ufumaji wake. Hakuna aliyetaja mahali ilipowekwa, na walipodokezwa, karibu wote walikataa. Kama hatujui kilichotusukuma kuchagua soksi, tutaijuaje peke yetu hasira iliyolimbikizwa ndani ya ndoa?

Yapo ninayoyajua mimi tu: jino linavyoniuma, ninayemtaja katika dua ya usiku. Lakini ukali wa sauti yangu anaujua anayeupokea. Imamu Ghazali, katika kitabu chake Ihya Ulumuddin, alitaja njia nne za mtu kuzitambua aibu zake: mwalimu, rafiki mkweli, ndimi za maadui, na kuchanganyika na watu. Zote nne zinapitia kwa wengine. Hata adui kamweka humo, kwa kuwa, ingawa hutia chumvi, aghalabu huwa lipo analolitilia.

Ndiyo maana nashauri mabaraza yasiishie kwa mume na mke. Aitwe shangazi, mjomba au jirani aliyeishi nao karibu, asikilizwe kabla hatujaandika kwamba usuluhishi umeshindikana. Na tusingoje kufikishana huko. Kila mmoja wetu amchague mtu anayemwamini, amwombe amweleze anavyoishi na watu, na akishaelezwa asimnunie. Akimnunia, atakuwa amemfukuza shahidi wake mwenyewe.