Programu Inayojiita Kivinjari

Kwa kawaida, programu iendayo kuomba ukurasa katika intaneti hutanguliza mstari mmoja wa maneno unaotaja jina na toleo lake, na seva, ikiisha kuusoma, huamua imkirimu mgeni huyo au imfungie mlango. Wala mstari huo hauna uthibitisho ndani yake, kwani mwenye kutumia curl, programu ya kuvuta kurasa kwa amri, hutia alama ya -A na jina lolote alitakalo, na papo hapo skripti yake, machoni pa seva, ikawa ni Firefox au Chrome. Suali ni kama tendo hilo ni hadaa ya kulaumiwa au ni hila iliyo halali.

Kabla ya kumhukumu mwandishi wa skripti, insafu yatulazimu tuwatazame waliomtangulia. Netscape Navigator, kilichotoka mwaka 1994, kilijitambulisha kwa jina la Mozilla, na kwa kuwa kilikuwa na uwezo ambao vingine havikuwa nao, tovuti zikazoea kukipa kurasa zilizopambwa na kuvinyima vilivyosalia. Microsoft ilipoleta Internet Explorer mwaka 1995, haikupita muda mrefu nayo ikajiita Mozilla. Na hata Chrome, iliyozaliwa mwaka 2008, yajitaja kuwa Mozilla, yajifananisha na Gecko, injini ya Firefox, na kujinasibisha na Safari, yote katika mstari mmoja. Basi maadamu makampuni makubwa ndiyo yaliyoasisi desturi hii, sioni hoja ya kumharimishia mnyonge lile walilojihalalishia wao.

Lakini liko jambo zito kuliko jina lenyewe. Tangu mwaka 1994, kwa pendekezo la Martijn Koster, wenye tovuti huweka faili iitwayo robots.txt, ambayo huzisemesha programu kwa majina yao: hii na iingie, ile isikanyage hapa. Programu ikusanyayo kurasa za watu kwa maelfu, ikivaa libasi ya Chrome, haimhadai mwenye tovuti tu, bali yamnyang'anya ulimi, kwani hana tena jina la kukataza wala anwani ya kumwandikia mwenye programu hiyo. Naye mwenye tovuti, akiisha kukata tamaa, huanza kupeleleza hata namna kivinjari kinavyofungua mawasiliano yake ya siri na seva, na katika msako huo huumia msomaji asiye na hatia, mwenye simu kuukuu au kivinjari kisicho mashuhuri. Dhuluma hii ndiyo inisikitishayo zaidi, kwa kuwa anayeipata hakushiriki ugomvi.

Kuhusu mahali pa kuweka mpaka, Marekani, katika sheria yake ya mwaka 2016 juu ya programu zinazohodhi tiketi, iliharimisha kukwepa vizuizi vilivyowekwa ili mnunuzi mmoja asipite kiasi. Ilishika tendo, ikaliacha jina, nami naona ilishika panapostahili. Anayeijaribu tovuti yake mwenyewe, au asomaye polepole ukurasa ulio wazi kwa watu wote uliomfungia kwa sababu ya jina tu, hana lawama. Mwenye kukusanya kazi za wengine kwa wingi hana udhuru: na ataje jina la programu yake na anwani ya barua pepe, na akiambiwa aondoke, aondoke. Nanyi wenye tovuti, pimeni wingi wa maombi na kasi yake, msimfukuze mtu kwa jina alilokuja nalo.