Kiasi Hakifundishwi Pasipo Kipimo

Tunaambiwa tena na tena: tumieni umeme kidogo, zimeni taa, msiache pasi ikiwaka bure. Fundisho hilo ni jema, nasi hatulipingi. Anayetapanya mali ya wote humpunja jirani yake. Tunalolipinga ni kulifanya fundisho hilo kuwa sera nzima ya nishati, kana kwamba giza la nchi yetu limeletwa na ulafi wa wananchi.

Tuhesabu. Inga ya kwanza ilifunguliwa mwaka 1972, ikiwa na uwezo wa megawati 351. Inga ya pili ikafuata mwaka 1982, megawati 1,424. Ya tatu ingali kwenye makaratasi. Kutoka huko ukavutwa waya mkuu hadi Kolwezi, kilomita zipatazo 1,700, kwa ajili ya migodi, nao unapita juu ya vijiji visivyo na hata balbu moja. Kati ya Wakongo watano, ni kama mmoja tu aliye na umeme nyumbani. Wale wanne wapunguze nini? Wanapikia makala, na misitu inateketea. Atakaye kuwafundisha kubana matumizi na awape kwanza cha kubana.

Na yule mmoja je? Katika miji yetu nyumba nyingi hazina mita. Hulipa kiasi kilekile kila mwezi, umeme uwepo usiwepo. Anayezima taa na anayeacha jiko la umeme likiwaka usiku kucha hulipa sawasawa. Kila mwalimu anajua kwamba darasa lisilosahihishiwa daftari haliendelei. Lakini penye mita ya kulipia kabla, hata mtoto huuliza ni nani aliyeacha taa inawaka.

Watasema kwamba watu huiba umeme kwa kujiunganishia nyaya. Ni kweli, na ni kosa. Lakini pasipo mita, mwizi na mwaminifu watatambulikanaje? Sheria ya tarehe 17 Juni 2014 iliondoa ukiritimba wa shirika la taifa. Haikuiondolea Serikali wajibu wake.

Basi tushike mambo mawili kwa pamoja: tuzime tusichokihitaji, na tudai mita katika kila nyumba iliyounganishwa, kwa barua, kwa adabu, bila kuchoka. Anayetuhimiza kuwa na kiasi na atupe kipimo.