Miaka ya daktari haitoshi, tudai hesabu

Wahenga walinena kwamba kuishi kwingi ni kuona mengi. Sina nia ya kuwakosoa, lakini katika jambo moja linalohusu uhai wetu methali hiyo yaweza kutupotosha.

Mnamo Julai 26, 2019 Kenya ilimpoteza Ken Okoth, Mbunge wa Kibra, akiwa na umri wa miaka 41. Alikuwa mwana wa Kibera aliyewahi kuwa mwalimu, na katika uongozi wake aliitanguliza elimu. Mapema mwaka huo alikuwa ametangaza hadharani kwamba anaugua saratani ya utumbo mpana iliyofikia hatua ya nne. Kwa mkazi wa kijiji cha Raila, maradhi haya si hadithi ya ng'ambo tena.

Saratani hii aghalabu huanza kama kivimbe kidogo kwenye ukuta wa utumbo, nacho huchukua takriban miaka kumi kugeuka. Daktari huingiza mpira mwembamba wenye kamera, uchunguzi uitwao kolonoskopi, akakiona kivimbe na kukikata papo hapo. Akikipita bila kukiona, mgonjwa hurejea nyumbani akiamini yu salama, ilhali adui amebaki ndani.

Ndiyo maana sisi huuliza: daktari huyu ana miaka mingapi kazini? Ni swali jema, lakini halitoshi. Mwaka 2006 watafiti wa mji wa Rockford, Marekani, walichapisha matokeo ya madaktari 12, wote wazoefu. Utumbo hukaguliwa hasa wakati mpira unapotolewa. Kuna aliyetumia wastani wa dakika 3 hivi kuutoa, na kuna aliyetumia zaidi ya 16. Waliotumia wastani wa dakika 6 au zaidi waligundua vivimbe kwa asilimia 28.3 ya waliopimwa. Wenye haraka waligundua kwa asilimia 11.8 tu. Mwaka 2014 utafiti mwingine wa Marekani ulionyesha kwamba kiwango cha daktari cha kugundua vivimbe hivi kikipanda kwa asilimia 1, hatari ya wagonjwa wake kupata saratani baadaye hupungua kwa asilimia 3.

Walimu wenzangu hawatashangaa. Tunawajua walimu wa miaka ishirini wanaosahihisha insha bila kuzisoma, na tunawajua chipukizi wasioruhusu kosa lolote liwapite. Sisemi uzoefu ni bure. Anayejifunza kazi hii sharti asimamiwe na aliyebobea. Nasema uzoefu usiopimwa ni dhana tu.

Tena ubora hauanzii mkononi mwa daktari. Utumbo usiposafishwa barabara, hata jicho kali halioni kitu. Mgonjwa hutakiwa kunywa dawa ya kuharisha pamoja na maji mengi, kisha aende msalani mara nyingi usiku. Huko Raila maji hununuliwa kwa mtungi, na choo ni cha watu wengi, tena kutoka usiku ni hatari. Kumlaumu mgonjwa huyo kwamba hakujitayarisha ni dhuluma. Hospitali za umma zimtengee kitanda na msala usiku ule mmoja.

Kwa hiyo naiomba Wizara ya Afya izitake hospitali zote ziweke hesabu ya kila daktari: amepima wangapi, amegundua vivimbe kwa wangapi, ametumia dakika ngapi. Hesabu hizo zitumike kumrekebisha anayepitwa na mengi, wala si kumwaibisha. Nasi tujizoeze kuziulizia bila woga. Anayeona damu chooni asingoje umri wowote, aende akapimwe.

Maskini anayekusanya akiba kwa ajili ya kipimo hiki huenda asipate fursa ya pili. Ana haki ya kutazamwa vyema mara hiyo moja.