Mgeni Msimuulize Ana Kamera Gani

Leo nina neno na ndugu zangu wapiga picha, hasa nyinyi mlio kwenye makundi ya simu, na nitalisema bila kulipaka asali. Mtu akinunua kamera yake ya kwanza, hata ikiwa ya mtumba, akaomba kuingizwa kundini ili ajifunze, swali la kwanza analokaribishwa nalo ni hili: "Una kamera gani?" Akijibu kwamba ni ya zamani, kimya. Akijibu kwamba ni mpya, anaulizwa lenzi. Sijaona hata mara moja mgeni akiulizwa anapenda kupiga picha za nini, wala faili zake asilia anaziweka wapi.

Mimi si mpiga picha. Kazi yangu ni kuandika programu, na naifanyia hapa Mayoni, kwenye barabara ya kutoka Mumias kwenda Bungoma, siku ambazo stima inakubali. Lakini faili nazijua, na yanayozipata faili za picha kwenye makundi haya yananitia uchungu.

Tuanze na hesabu. Kamera ya megapikseli 24 inatoa picha yenye pikseli 6000 kwa 4000. Mwenye nayo anatamba, na ana haki ya kutamba maana pesa ni zake. Kisha anaituma kundini kwa WhatsApp kwa njia ya kawaida. Programu ile, ili kuokoa data, huipunguza picha hadi upande wake mrefu ubaki karibu pikseli 1600. Zidisha 1600 kwa 1067 utapata kama milioni 1.7. Yaani katika kila sehemu 14 za picha ya huyu bwana, 13 zimetupwa njiani kabla wenzake hawajaiona! Canon EOS 300D, iliyotoka mwaka wa 2003 na ambayo leo mnaicheka, ilikuwa na megapikseli 6.3. Hiyo ni zaidi ya mara tatu ya kinachofika kundini. Mnashindana ukubwa wa mitungi, halafu wote mnanywea kizibo.

(Najua, tangu 2023 kuna chaguo la HD. Linapunguza vilevile, ila si kwa ukali ule. Anayetaka faili ifike jinsi ilivyo aitume kama hati, si kama picha. Ni kubofya mara moja tu zaidi.)

Mhandisi Steven Sasson wa Kodak alipounda kamera ya dijitali mwaka wa 1975, kifaa chake kilikuwa na uzito wa takriban kilo 3.6, kikinasa pikseli 10,000 tu, na kuandika picha moja kwenye kaseti kulichukua sekunde 23. Angeingia kwenye kundi letu na mashine hiyo mngempa kimya kile kile.

Tuendelee. Kupungua kwa pikseli si hasara kubwa kuliko zote. Ndani ya faili ya kamera mna maandishi yaitwayo Exif: tarehe, saa, aina ya lenzi, muda ambao shata ilikaa wazi, na ukiweka jina lako kwenye mipangilio ya kamera, jina lako pia. Ukituma picha kwa njia ya kawaida, maandishi hayo yanafutwa. Kwa chipukizi hili ni pigo mara mbili. Kwanza hawezi kujifunza. Anaona picha nzuri ya jioni na hana njia ya kujua ilipigwaje, labda amwombe mwenyewe, na mwenyewe hakumbuki. Flickr ilipoanza mwaka wa 2004, watu walijifunza kupiga picha kwa kusoma takwimu hizo pembeni mwa picha za wenzao, bila kumsumbua mtu. Pigo la pili ni umiliki, na hapo nina kisa.

Binamu yangu alipiga picha ya mvua ikianza kunyesha sokoni, kina mama wakikimbilia kufunika mboga kwa karatasi za nailoni. Picha tamu kweli. Akaituma kundini, akapata moto na makofi ya kutosha. Miezi kadhaa baadaye picha ile ikaonekana kwenye kalenda ya kampuni moja ambayo sitaitaja. Kisheria alikuwa na nguvu: chini ya Sheria ya Hakimiliki ya mwaka wa 2001, picha uliyojipigia ni yako tangu ulipoipiga, huhitaji kuisajili kwanza ndipo iwe yako, na ulinzi wake ni wa miaka 50. Lakini alipokwenda kudai, aliombwa aonyeshe faili asilia. Kadi ya kumbukumbu alikuwa ameshaifuta ili apige harusi. Kilichobaki ni ile nakala ndogo ya kwenye simu, isiyo na tarehe wala jina. Mzee wa ofisi ile akaitazama, akasema, "Hii hata mimi ninayo." Na alikuwa nayo kweli! Mambo yakaishia hapo.

Sasa niambieni, kundi lile lilimsaidia nini? Lina watu zaidi ya mia. Wote walimwambia "noma sana, kaka." Hakuna aliyemwambia kwamba upeo wa picha umelala upande, na ulikuwa umelala. Hakuna aliyemwambia "weka nakala kabla hujafuta kadi." Sifa za namna hii ni kama sukari guru, tamu na haimshibishi mtu. Jumuiya ya wapenda picha inastahili kuitwa jumuiya ikiwa mgeni anatoka humo akijua kitu ambacho hakukijua alipoingia.

Wengine mtasema nakuza jambo dogo, kwamba picha za mashabiki ni za kujifurahisha tu. Hapo ndipo sikubaliani nanyi kabisa. Kiwanda cha sukari cha Mumias kilianza kusaga miwa mwaka wa 1973, na mnamo Septemba 2019 kikawekwa chini ya mrasimu. Miaka yake ya mwisho kabla ya hapo ilikuwa miaka ya kamera za dijitali na simu zenye kamera. Foleni za matrekta ya miwa, siku za malipo, mabango ya wakulima wanaodai pesa zao: watu walizipiga picha, niliwaona. Ziko wapi? Ziko kwenye simu zilizoanguka chooni, kwenye kadi zilizofutwa, na kwenye kurasa za Facebook zikiwa zimebanwa mpaka maandishi ya mabango hayasomeki. Sisi watu wa mji mdogo hatutumiwi wapiga picha wa magazeti kila siku. Shabiki mwenye kamera ya mtumba ndiye kumbukumbu yetu, na tunamfundisha kuitupa.

Kuna wanaojitetea kwa gharama ya data. Kabla ya 2009 ningewasikiliza. Wakati huo, kabla nyaya za SEACOM na TEAMS hazijafika Mombasa, tulitegemea setilaiti, na kupakia picha moja saiba ulikuwa ukitazama saa kama mtu anayengoja matokeo ya mtihani. Lakini leo? Faili ya JPEG ya megapikseli 24 ni kama megabaiti 10. Picha kumi bora za mwezi ni megabaiti 100. Video za vichekesho mnazotazama kabla ya kulala zinakula zaidi ya hapo kwa usiku mmoja.

Basi aende wapi huyu mgeni? Flickr bado ipo, ingawa si ile ya zamani: Yahoo iliinunua mwaka wa 2005, SmugMug ikaichukua 2018, na mwaka wa 2019 akaunti za bure zikabanwa zisizidi picha 1,000. Mimi ningempeleka Wikimedia Commons, iliyoanza Septemba 2004. Huko faili inakaa jinsi ulivyoipakia, Exif yake ikiwamo, na unaweza kuandika maelezo kwa Kiswahili: hapa ni wapi, huyu anafanya nini, mwaka gani. Kuna pia shindano la Wiki Loves Africa lililoanza 2014. Ila ujue masharti kabla hujabofya. Leseni ya huko inamruhusu mtu yeyote kuitumia picha yako, hata kwa biashara, mradi akutaje. Picha unayotaka kuiuza usiipeleke huko.

Wala usiiamini seva ya mtu mwingine kama kabati lako. Photobucket mwaka wa 2017 iliamua ghafla kwamba anayetaka picha zake zionekane kwenye tovuti nyingine alipe dola 399 kwa mwaka, na picha za watu zikageuka matangazo kote mtandaoni. Google ilifunga hifadhi ya bure isiyo na kikomo mnamo Juni 2021. Mpiga picha Peter Krogh ana kanuni ambayo sisi watu wa programu tumeikumbatia: nakala tatu, kwenye vyombo vya aina mbili, na moja ikae mbali na nyumbani. Moja kwenye tarakilishi, moja kwenye diski ya nje, na ya tatu hata kwa shangazi kule Bungoma ukipenda.

Nakubali jambo moja kwa wapinzani wangu: kufuta Exif kuna faida yake, kwa kuwa simu huandika humo hata mahali penyewe picha ilipopigiwa. Ukipiga picha za watoto nyumbani kwa watu, zima GPS. Na zile picha za vijana wa Kibukusu wakiwa wamepakwa matope alfajiri ya Agosti, miaka inayogawika kwa mbili, mnazozirusha kundini kutafuta makofi, mlimwomba nani ruhusa? Tangu 2019 tuna Sheria ya Ulinzi wa Data, na hata kabla yake tulikuwa na adabu.

Mwisho, nimeandika programu ndogo inayotumia ExifTool, kazi ya Phil Harvey tangu 2003, kuzipa picha majina kwa tarehe na saa zilipopigwa, kisha kuzinakili kwenye diski mbili kwa mpigo. Ni bure. Anayeitaka aje Mayoni na flashi yake, na aje na kadi ambayo bado hajaifuta.