Ya Kale Si Dhahabu, Ni Mbao na Waya

Kuna swali moja ambalo wapiga besi wa Nairobi tunafaa kuacha kuulizana: "Yako ni ya mwaka gani?" Utalisikia studioni, utalisikia kanisani baada ya ibada, utalisikia nyuma ya jukwaa watu wakikunja waya. Anayeuliza mara nyingi hajakusikia ukipiga hata noti moja. Anataka mwaka tu. Ukimwambia 1962, anasimama wima kama aliyesikia wimbo wa taifa. Ukimwambia ni ya juzi, imeundwa Indonesia, anakuonea huruma.

Mimi napiga besi, na za zamani nazipenda sana. Ninachopinga ni dini iliyojengwa juu yake.

Tuanze na fundi mwenyewe. Leo Fender, aliyetoa Precision Bass mwaka 1951, hakuwa mwanamuziki. Hata gitaa hakujua kupiga. Alikuwa fundi wa redio huko Fullerton, California, mtu ambaye angekuwa hapa ungemkuta Luthuli, amezungukwa na redio zilizopasuliwa matumbo. Shida aliyotaka kuitatua ilikuwa ya watu wa kazi: besi kubwa ya kusimama ilikuwa mzigo kuibeba, na ngoma na magitaa ya umeme yalikuwa yanaimeza. Akachukua ubao usio na uwazi ndani, akaweka freti ili kila noti ipatikane mahali pake sawasawa, na ndiyo maana akaiita Precision. Shingo akaifunga kwa skrubu, si kwa gundi. Ikiharibika unafungua, unaweka nyingine, jioni uko kazini.

Sasa mwangalie mkusanyaji wa leo. Anafungua skrubu zile zile ili asome tarehe iliyofichwa mwisho wa shingo. Anamulika waya kwa tochi kuona kama umewahi kuchomelewa upya. Rangi ikiwa imerudiwa, bei inaporomoka. Pikapu, ile sumaku iliyozungushiwa waya, ikiwa imebadilishwa, bei inaporomoka tena. Yaani kifaa kilichobuniwa kiwe cha spea kinapewa heshima kwa sababu hakijawahi kuwekewa spea. Ni kama kusifu matatu ati haijawahi kubadilishwa tairi.

Dini hii ina mpaka wake pia. Januari 1965 kampuni ya Fender iliuzwa kwa CBS kwa dola milioni 13. Besi iliyotoka kabla ya hapo ni kamera, kama wanavyosema Gikomba. Iliyotoka baadaye ni fagia. Jazz Bass ya mwanzoni mwa miaka ya sitini leo inauzwa zaidi ya dola 10,000. Hiyo ni zaidi ya shilingi milioni moja, na bado hujanunua ampu.

Tofauti kati ya besi hizi zipo, na ni tamu. Precision, tangu 1957, ina pikapu moja iliyokatwa vipande viwili, kitufe kimoja cha sauti na kimoja cha kupunguza makali. Inatoa sauti nene, ya katikati, inayokaa chini ya bendi kama msingi wa nyumba. Jazz ya 1960 ina pikapu mbili, na shingo yake kule juu ni nyembamba: milimita 38 hivi, dhidi ya 44 za Precision. Ukiiegemea pikapu ya nyuma, sauti inabana na kuongea kama mtu wa puani. Höfner 500/1 ya Ujerumani ina tumbo tupu na nyuzi fupi. Noti inaruka haraka na kufa haraka. Rickenbacker 4001 inanguruma. StingRay ya 1976 inatumia betri, na inapasua kila kitu mbele yake. Ukizijua hizi, unajua ni ipi ya kubeba kwa rumba na ipi ya kubeba kwa injili. Lakini hizo ni tofauti za muundo. Muundo huo huo unapatikana kwa besi iliyoundwa mwaka jana.

Na hao manabii wenyewe? James Jamerson, aliyepiga nyimbo nyingi sana za Motown, alitumia Precision ya 1962. Aliporekodi albamu ya What's Going On mwaka 1971, besi hiyo ilikuwa na miaka tisa tu. Ingekuwa gari, Kenya ingekataa kuiingiza kwa kuzidi miaka minane, lakini hakuna ambaye angeiita vinteji. Sauti yake ilitoka wapi? Nyuzi nzito zilizozungushiwa utepe bapa, ambazo hakuzibadilisha mpaka zikatike. Kipande cha sponji chini ya kifuniko cha daraja. Kidole kimoja cha shahada. Weka nyuzi mpya zenye makali kwa besi ya 1962 uone kama utamsikia Jamerson. Utasikia besi mpya iliyokugharimu milioni.

Jaco Pastorius naye alikuwa na Jazz ya 1962 isiyo na freti: mianya imezibwa, ubao umepakwa epoksi. Kwa macho ya mkusanyaji, hiyo ni maiti. Kwa masikio yetu, ndiyo iliyobadilisha besi mwaka 1976. Paul McCartney alinunua Höfner yake Hamburg mwaka 1961 kwa pauni 30 hivi, kwa sababu Fender ilikuwa ghali kwake. Na Marcus Miller? Jazz yake ni ya 1977, enzi ya CBS, enzi ambayo watu wanailaani kwa besi nzito na shingo za skrubu tatu. Akamtafutia fundi, ikawekewa saketi ya ziada, na ikatoa sauti ambayo kila kijana anayepiga kwa kidole gumba anaitafuta hadi leo.

Utaniambia mbao za zamani zimekauka vizuri, na shingo imelainishwa na mikono. Kweli, shingo iliyopigwa miaka sitini ina raha yake. Ila kumbuka tunauhukumu mwaka 1962 kwa zilizopona. Mbovu zilishavunjwa, zikatupwa. Na kama uzee ni uzuri, mbona viwanda vinauza besi mpya zilizokwaruzwa kwa makusudi, kwa bei ya juu kuliko zisizokwaruzwa?

Hasara ya haya yote inatuangukia sisi. Prodyusa mmoja hapa mjini aliwahi kunirudisha nyumbani kabla sijachomeka waya, kisa jina kwenye kichwa cha besi yangu halikuwa lile alilotaka. Kijana mmoja ninayemfundisha Umoja ameweka pesa mwaka mzima bila kugusa besi yoyote; anangoja "ile yenyewe." Mwaka mzima, vidole vimelala! Na huyo huyo ukimwekea "Sina Makosa" ya Les Wanyika anatikisa kichwa kwa ile besi ya Tom Malanga, na sijawahi kumsikia akiuliza iliundwa mwaka gani.

Kwa hivyo, wenye nazo, zitoeni kwenye makabati ya vioo. Zipigeni, ziazimisheni, zitoeni jasho. Besi isiyopigwa ni fanicha. Na wewe unayengoja, kagua mambo manne tu: shingo imenyooka, freti hazijalika, vitufe havikwaruzi ukivizungusha, na haitoki kwa tyuni kila baada ya wimbo. Ikiwa na hayo, lipa. Pesa zitakazobaki nunua nyuzi bapa, tafuta sponji jikoni, kisha ujitokeze mazoezini Jumamosi. Bendi kibao mtaani zina wapiga solo watatu na hazina mtu wa besi.