MAMBO YA NYUMBANI: Siagi Yenye Viungo, na Namna ya Kuiweka



Juma lililopita tulizungumza juu ya usafi wa zizi na vyombo vya kukamulia. Juma hili yafaa tuyafuate maziwa mpaka jikoni, maana huko hutokea hasara nyingi ambazo mtu haziandiki katika daftari lake.

Hapa kwetu Nchiru maziwa ya asubuhi hayana taabu. Hupelekwa kwenye chama cha ushirika, hupimwa, na mkulima hupewa hesabu yake. Taabu ni maziwa ya jioni. Watoto hunywa, jirani hununua kikombe kimoja, na yaliyobaki huharibika kabla ya mapambazuko. Mimi kazi yangu ni kalamu na faili, lakini nina ng'ombe wawili nyuma ya nyumba, na kwa muda mrefu maziwa ya jioni yalikuwa chakula cha paka. Ndipo bibi yangu alipoanza kutengeneza siagi.

Sasa nitawasimulia kosa letu, ili lisiwe lenu. Mama mkwe wangu alileta habari kwamba atakuja kututembelea. Ili kumheshimu, tulichukua nusu kilo ya siagi, tukaichanganya na kitunguu saumu kilichopondwa na majani mabichi ya dhania, tukaifunga katika kopo na kuiweka kabatini. Mimi ndiye niliyesema kwamba chumvi itatosha kuilinda. Mgeni akachelewa siku tisa. Kopo lilipofunguliwa mezani, harufu ilijaa chumba kizima. Mama mkwe, kwa adabu yake, hakusema neno mbele yangu. Aliomba chai tu. Baadaye alimwambia binti yake jikoni, "Mwanangu, siagi yenu haikuharibiwa na siku. Imeharibiwa na maji."

Maneno yale machache ndiyo somo la leo. Siagi njema ina mafuta sehemu 80 au zaidi katika kila sehemu 100. Katika zilizobaki, nyingi ni maji, na ndani ya maji hayo mna mabaki ya maziwa. Vijidudu havistawi katika mafuta matupu. Hustawi palipo na maji na chakula chao. Basi kazi yote ya mtengenezaji wa siagi ni kuyatoa maji na maziwa. Nasi tulipotia majani mabichi, tuliyarudisha maji kwa mkono wetu wenyewe.

Kwanza, malai. Weka maziwa katika chombo kipana, mahali pa baridi, mpaka malai yapande juu, kisha uyaengue. Malai hayo yapashwe moto huku ukiyakoroga mpaka yaanze kutokota, halafu yapoze upesi kwa kukiweka chombo ndani ya maji baridi. Usiiruke hatua hii, kwa kuwa maziwa mabichi yaweza kuleta ugonjwa wa brusela na kifua kikuu cha ng'ombe.

Pili, kusukasuka. Malai yawe ya baridi, yapata nyuzi 12 hadi 15 za Selsiasi. Nchiru si Timau. Kwa hiyo kazi hii ifanywe alfajiri, kabla ya jua kupanda. Tia malai katika kibuyu au chupa pana, usipite nusu yake, ukasukesuke. Zikitokea chembe kama punje za ngano, acha, umimine mtindi. Mtindi huo usimwagwe, maana ni kinywaji kizuri, na hufaa kutiwa katika uji.

Tatu, kuosha. Mimina maji baridi yaliyochemshwa yakapoa, ukande siagi kwa mwiko, uyamwage, urudie mpaka maji yatoke meupe kama yalivyoingia. Kisha ikamue mpaka isitoe tone. Kwa nusu kilo tia gramu 10 za chumvi, yaani vijiko viwili vya chai visivyojaa.

Baada ya hapo ndipo viungo huingia, na njia ni mbili.

Njia ya kwanza ni ya viungo vibichi: dhania, kitunguu saumu, pilipili, au ganda la limau lililokunwa. Vioshwe, vikaushwe kabisa kwa kitambaa safi, vikatwe vidogo, kisha vichanganywe na siagi. Siagi ya namna hii ni ya kuliwa upesi. Asiye na friji na aile siku ile ile. Mwenye friji asipitishe siku 5. Mwenye sehemu ya kugandisha na aigawe vipande vidogo, avifunge vizuri, navyo vitakaa miezi miwili bila kupoteza ladha.

Kitunguu saumu chahitaji hadhari zaidi. Hutoka udongoni, na udongoni mna vijidudu viitwavyo botulini, ambavyo hukua mahali pasipofika hewa, kama ndani ya mafuta. Sumu yake ni kali, tena mara nyingine haina harufu wala ladha. Basi sisi tulikuwa na bahati kwamba kopo letu lilinuka! Hata asali, ambayo huchanganyika vizuri sana na siagi kwa mkate wa asubuhi, asipewe mtoto ambaye hajatimiza mwaka mmoja, kwa sababu ya vijidudu hivyo hivyo.

Njia ya pili ni ya kuweka muda mrefu, nayo ni samli. Iyeyushe siagi isiyotiwa chumvi katika sufuria nzito, kwa moto mdogo, bila kifuniko, ili mvuke utoke. Itatoa povu na kulialia. Hayo ni maji yanayoondoka. Funga iliki, bizari nyembamba na mbegu kidogo za uwatu, vyote vikavu, katika kitambaa cheupe, uvitie humo. Sauti ikinyamaza, na masimbi yaliyo chini yakageuka rangi ya kahawia, ondoa motoni, toa viungo, uchuje katika chupa kavu yenye kifuniko. Iweke gizani, uchote kwa kijiko kikavu, nayo itakaa miezi kadhaa bila friji.

Elimu hii si ngeni. Waethiopia huipika samli yao pamoja na viungo na kuiita niter kibbeh. Tena kitabu cha mabaharia kiitwacho Periplus, kilichoandikwa kwa Kiyunani katika karne ya kwanza, chataja samli miongoni mwa bidhaa zilizovuka bahari kutoka Bara Hindi hadi pwani ya Somalia. Kama samli iliweza kustahimili jahazi na joto la bahari, haitashindwa na kabati la Nchiru.

Lakini asidanganyike mtu kwa hesabu. Mpango wa Swynnerton wa mwaka 1954 uliwafungulia wakulima wa Kiafrika njia ya kufuga ng'ombe wa gredi, na wengi wetu leo tuna Friesian. Ng'ombe huyo hutoa maziwa mengi, lakini mafuta yake ni kama asilimia 3.5 hadi 4 tu. Lita 10 hazitatoa siagi kupita nusu kilo, na kwa kuengua kwa mkono hupungua zaidi. Kwa hiyo maziwa yenye mnunuzi yauzwe. Siagi ni ya maziwa yaliyokosa mnunuzi. Hapo ndipo faida ilipo, maana hugeuza kitu cha kumwagwa kuwa chakula.

Wazee husema akiba haiozi. Ni kweli, ikiwa mwekaji amejua kuiweka. Mama mkwe alikuja tena mwezi wa Agosti. Safari hii tulimwekea chupa ya samli yenye iliki, iliyokuwa imekaa kabatini majuma saba. Aliinusa kwanza, kama mtu aliyewahi kuumwa na nyoka, kisha akatia katika chapati. Alipoondoka, chupa nayo iliondoka.

Juma lijalo tutazungumza juu ya kuhifadhi majani ya ng'ombe kwa ajili ya kiangazi.